Utuambie Shangazi Ni Nani

Gakii, mwana wakwa,

Huyu anayeandika ni Wawira, mke wa kaka yako, lakini anayesema ni mimi mama yako, kwa hivyo ukisoma usikie sauti yangu. Wewe umeshuka Kiirua kuaga watu na kutafuta fundi wa kushona zipu ya lile begi, nami nikaona hii ndiyo nafasi. Nimemkalisha Wawira hapa nje kwa jua, nimempa kile kiti kizuri, nikamwambia shika kalamu. Akaniuliza, "Kwa Kimeru ama kwa Kiswahili?" Nikamwambia wewe ni mtu wa Embu, Kimeru yangu utaiandika igeuke matusi. Wacha iwe Kiswahili, hata kama ni hii yetu ya sokoni.

Sitakuambia mambo ya sweta. Umelelewa hapa chini ya mlima, upepo wa Timau umekupiga tangu ukiwa mgongoni, hakuna baridi ya watu wengine itakutisha. Sitakuambia ukule vizuri, ama usali, ama uchunge simu yako kwa kituo. Mambo ya wanaume pia nimeamua sisemi. Wawira amecheka. Nimemwambia aandike kwamba amecheka.

Nataka tuongee juu ya hiyo kitu yako ya kompyuta. Ile ya maji.

Najua utasema, mama, wewe hata simu unaishika juu chini. Ni kweli. Lakini hiyo kitu nimekaa nayo. Uliitengenezea hapa kwa meza yangu, mimi nikichagua maharagwe upande huu na wewe ukigonga-gonga upande ule, na ukikasirika nilikuwa najua kwa vile ulikuwa unapumua. Kabla yake zamu ya maji ya projekti ilikuwa ya kupiga kelele. Mwenye mdomo mkubwa ndiye alinyunyizia viazi. Watu walikatiana paipu, walikutana kwa koki na panga, halafu Jumapili wanakaa kiti kimoja kanisani hawasalimiani. Siku hizi asubuhi simu inalia inakuambia, leo ni wewe, fungua. Na jirani inamwambia, leo si wewe, tulia. Sijawahi kukuambia vile hiyo ilinifurahisha. Sikujua inasemwaje. Sasa nimesema.

Lakini kesho unaenda Kigali. Na jana mwenyekiti wa projekti amepita hapa, hakukaa hata chai, akaniambia, "Mama Gakii, msichana akienda sisi turudi tu kwa ile njia yetu ya zamani." Ile ya kelele. Nikamwuliza kwa nini na Wawira yuko. Akavaa kofia akaenda zake. Wewe unajua kwa nini. Ni ile siku ya Shangazi.

Wacha nikukumbushe, kwa sababu wewe uliisikia kwa simu tu, ulikuwa Nairobi kwa yale makaratasi ya kusafiri. Mimi nilikuwa hapa.

Ulikuwa umemwambia Wawira, "Ingia tu uzoee, hakuna kitu inauma." Si ni yeye sekretari wa projekti, ni yeye anazunguka akisoma mita, ni yeye utamwachia? Akaingia. Akaona hiyo kitu yako imetengenezwa vipande vipande, na kila kipande iko na jina. Kuna ya Simba, kuna ya Baba, kuna ya Mama, kuna ya Shangazi. Aliona ni mchezo mzuri, amefika nyumbani. Simba akaelewa, ni mbwa wetu, huyo analinda mlango, anauliza kila mtu neno la siri. Kwa Shangazi akasema, haya, na huyu naye tumsalimie. Akabonyeza.

Kai, Gakii! Mtu yeyote aliyezaliwa kwa hii nyumba hawezi kufungulia shangazi yenu wa Kanyakine katikati ya mwezi. Dada ya baba yako, Mungu amlaze, alikuwa anakuja mwisho wa mwezi na viondo vitupu, anacheka kutoka kwa geti, anakumbatia kila mtu, na akienda stoo imebaki nyeupe. Ndizi ameenda nazo. Mahindi ameenda nayo. Siku moja alibeba kuku pamoja na mayai aliyokuwa amelalia. Sasa wewe ukawa na kipande cha kukusanya kila kitu mwisho wa mwezi, kupeleka mbali na kuacha meza safi, ukacheka peke yako ukaiita Shangazi. Kwa mtoto wangu hiyo jina inatosha. Ni onyo na maelezo, yote pamoja. Lakini Wawira ameolewa hapa shangazi akiwa tayari amezikwa. Angejulia wapi?

Basi Shangazi akafanya kazi yake. Alibeba mita zote na zamu zote za watu.

Asubuhi hakuna simu ililia. Nilisikia kelele huko kwa koki kubwa nikashuka na bakora. Nikapata Baba Halima, mwenye bucha hapo senta, yule aliyepanda kabichi, amesimama na mzee Mutuma wa viazi, kila mmoja na spana.

"Leo ni mimi," Mutuma anasema.

"Nionyeshe meseji."

"Nionyeshe yako kwanza."

"Simu yangu imenyamaza."

"Yangu pia imenyamaza. Kwa hivyo tuko sawa, na mimi ndiye nimefika mapema."

"Umefika mapema kwa sababu umelala hapa kama chura!"

"Wewe rudi uchinje mbuzi, wachia wakulima maji."

Niliona spana imeinuka. Unajua nilifanya nini? Nilikalia hiyo koki. Mimi mzima, na sketi ya kanisa, nikakaa juu yake nikawaambia anayetaka maji anitoe kwanza. Baba Halima akaweka spana chini mara moja, akasema, "Mama, pole, hapo ni baridi." Mutuma naye akaniambia nitashikwa na mgongo. Na ni kweli nilishikwa.

Wawira alikuwa amenifuata hapo kwa koki, amekupigia akilia. Mimi nilisikia vile ulicheka kwa hiyo simu. "Umegusa Shangazi!" Ukagonga-gonga huko Nairobi, ukarudisha yote, na kabla sijainuka vizuri simu za watu zikaanza kulia huku shambani kama vyura wa mvua. Baba Halima akasoma yake, akashika kichwa: "Huyu msichana ni mmoja tu. Akienda tumekwisha."

Uliporudi tulikuambia vile alisema. Na wewe ukacheka kwa upande mmoja wa mdomo, hivi, ukainama ukafungua viatu.

Hapo ndipo nilikuona. Hiyo kucheka ya upande mmoja ni yangu. Uliitoa kwangu, na mimi najua inakuwanga tamu namna gani.

Wawira anasema mkono umechoka. Amepumzika kidogo, tumekunywa chai. Twende.

Unajua mimi ndiye nilikuwa napika uji ya sherehe huku kwetu, ile ya mtama ya kuchachua. Harusi, kupeleka mahari, kuona mtoto, ilikuwa lazima waje kwangu. Na wanawake waliniuliza, "Unaweka nini? Unaacha ilale wapi? Unakoroga lini?" Mimi nilikuwa nacheka na upande mmoja wa mdomo nasema, "Ni mkono tu." Mkono gani! Nilikuwa nazungushia kibuyu moshi, nilikuwa nasaga mtama mara ya pili, nilikuwa naweka mahali jiko inapumulia lakini isiguse. Ningewaambia kwa maneno machache. Lakini waliposema hakuna mtu kama mama Gakii, kifua yangu ilikuwa inapanuka mpaka nguo inabana. Nilifikiri nikisema nitabaki kuwa mwanamke tu wa kawaida, mwenye maneno mengi.

Basi kaka yako akapata mchumba Embu. Wakati wa kupeleka uji kwa wakwe mimi nikalazwa hospitali na hii tumbo, ile walinipasua. Wanawake wangu wakapika kwa kubahatisha, masikini. Walikuwa wameniona nikipika mara nyingi, lakini kuona si kuambiwa. Walibeba vibuyu mpaka Embu, na nyimbo, na vitenge. Nilipouliza ilikuwa aje wakaniambia, "Ilikuwa sawa." Kwa sauti hiyo unajua.

Sasa ngoja. Ngoja uone. Wawira ameweka kalamu chini ananiambia leo, leo hii, kwamba mama yake alikunywa kidogo kwa heshima, halafu nyingine akamwagia migomba. Nimemwuliza, "Miaka yote hii hukuniambia?" Ananiambia, "Na wewe hukuniambia ile ng'ombe nyekundu inapiga teke." Woi! Ni kweli. Alipoolewa nilisema ataona mwenyewe. Aliona. Ndoo iliruka huku, yeye huku.

Basi andika hiyo, Wawira. Yote mawili. Gakii ajue sisi tumesameheana kwa barua yake.

Lakini hiyo si ndiyo kubwa. Kubwa ni baba yako.

Wewe ulikuwa shule ya bweni, hukuona. Baba yako ndiye alizika paipu zote za hili shamba, na mikono yake. Alikuwa mtu wa kunyamaza, unajua, mimi nikiongea yeye anachonga kitu. Ile mwaka kifua ilimshika, siku moja mchana alisimama kwa mlango wa jikoni akaniambia, "Twende nikuonyeshe koki." Nikamwambia sufuria iko kwa moto. Githeri ilikuwa karibu kuiva, maji ilikuwa inakauka, nilisema nitakuja. Akasema, "Sawa." Nikamwona kwa dirisha anatembea peke yake kwa shamba, polepole, anasimama hapa, anaangalia chini, anaenda anasimama pale. Akarudi akakaa. Hakuniambia tena na mimi sikuuliza. Nilidhani kuna wakati.

Alipoenda, paipu ikapasuka viazi zikiwa na maua. Tulichimba, mimi na kaka yako, kama fuko. Hapa hakuna, pale hakuna. Majirani walipita wakauliza tumepoteza nini. Tulikuja kupata koki ya kufunga ikiwa chini ya nyumba ya kuku. Alikuwa ameizika, halafu baadaye akajenga hiyo nyumba juu yake, na kwa kichwa chake ilikuwa wazi kabisa iko wapi. Hakuwa anaficha. Nimefikiria hiyo jambo miaka mingi nikipalilia, na nikaona baba yako hakuwa mchoyo kama mimi wa uji. Yeye alikuwa anaona kila mtu anajua, kwa sababu yeye alijua. Wewe sijui ni mtoto wa nani kwa hii jambo, wangu ama wake. Labda wa wote wawili.

Koki tulipata, Gakii. Kile sikupata ni ile matembezi. Angenionyesha koki, na labda akiwa anaonyesha angesema na kitu kingine. Mtu wa kunyamaza huongea akiwa na kitu mkononi.

Sasa Wawira amenionyesha kwa kompyuta ile pahali ya kuandika maelezo, pahali mtu mgeni anaanza kusoma. Kuna mstari moja tu. Amenisomea: "Nitaandika baadaye." Nikacheka mpaka nikapangusa macho. Ni sufuria iko kwa moto, hiyo! Ni mimi kabisa.

Sikuambii uandike kitabu. Mimi sikusoma, sijui kitabu inatengenezwa aje. Lakini najua vile ningemwambia Wawira juu ya ng'ombe kama ningekuwa na roho nzuri siku ile. Ningesema, huyu anaitwa hivi, anakula hii, anatoa hii, usimkaribie upande huu, na ukiona amelala hivi asubuhi ujue ni mgonjwa, uite fulani. Basi. Si hata hizo vipande vyako ni hivyo? Huyu Baba anagawa zamu, lakini anagawa kwa kuangalia nini? Ukimpa mita mbaya anafanya nini, anakasirika ama ananyamaza kama baba yako? Simba akikataa mtu wa haki, tumfungulie kwa wapi? Na Shangazi. Kwa jina la Mungu, andika mbele ya Shangazi kwamba huyu anakuja mwisho wa mwezi peke yake na anaondoka na kila kitu. Usimbadilishe jina. Wacha abaki, nampenda. Lakini tuambie ni nani. Wewe mwenyewe huitwi Gakii bure, unaitwa jina la mama ya baba yako, na tulikupa hilo jina na hadithi yake pamoja, vile alikuwa anacheka hata wakati wa njaa. Jina bila hadithi ungefanyia nini?

Wawira haongei juu ya hii, lakini mimi nitaongea, na ataandika kwa sababu nimemwambia aandike yote. Tangu ile siku anaogopa. Anaingiza mita na jicho moja amelifunga. Juzi nilimsikia anamwambia kaka yako yeye si mtu wa akili ya kompyuta, wachague sekretari mwingine. Huyo ndiye aliandika majina ya watu wote wa projekti bila kukosea hata moja! Akili iko. Alikosa tu kuambiwa, kama wale wanawake wangu wa uji. Na wewe ukienda na hiyo kitu yote kwa kichwa, yeye atabaki akiamini ni mjinga, na mwenyekiti atarudisha kelele, na mimi kiuno changu hakiwezi kukalia koki tena.

Labda kuna kitu unaogopa. Mimi niliogopa. Ukishasema yote, watakuita kwa nini tena? Nitakuambia. Nilipotoka hospitali niliwafundisha wale wanawake uji, moshi na jiko na kila kitu. Sasa wanapika bila mimi, na ya Kagwiria, hiyo nikuambie, imeshinda yangu. Na bado gari likienda kwa sherehe linasimama hapa getini. Hawahitaji mkono wangu. Wananitaka tu nikae nao huko mbele, niongee.

Nimebakisha moja.

Kuna kile kipande unaita Mama. Nilimwuliza Wawira, na huyo anafanya nini? Nilifikiri utakuwa umenipa kazi ya jikoni. Akaniambia, "Huyo ndiye anaita watu. Anaamka kabla ya kila mtu, anatuma meseji, na mtu asipojibu anamwambia tena, na tena asipojibu, tena." Nikamgeuzia mgongo, nikaangalia shamba. Wawira akafikiri nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nakumbuka nikikuita asubuhi uende shule, "Gakii! Gakii! Gakii!", na wewe unavuta blanketi. Kumbe ulikuwa unasikia mara zote tatu.

Basi na huyo pia umwandikie maelezo. Uandike anaanza lini na anapata majina kwa nani. Na uandike siku akinyamaza watu wafanye nini, ili wasikae tu na spana mkononi wakingoja. Usiandike kwamba hawezi kunyamaza. Iko siku.

Kesho gari lako linapita Kiirua saa nane mchana. Asubuhi yote ni yetu. Nimefikiria hivi: wewe usishike kompyuta hata kidogo. Ukae hapa kwa hiki kiti kizuri, Wawira aishike yeye, afungue kipande kimoja kimoja, na wewe useme tu, kama mimi leo. Huyu ni nani, anafanya nini, anauma wapi. Yeye ataandika. Ameona leo kwamba anaweza kuandika mtu akiongea bila kupumua.

Na mimi nitakuwa hapo kando. Sitaelewa, lakini nitakaa. Kama kuna sufuria kwa moto nitaitoa.

Ni mimi,
Mama yako

(Na mimi Wawira nimeandika yote vile amesema. Nitafungua macho yote mawili.)